Mlio Kwenye Kasida ya Shangazi Tausi

Mwaka wa tisini na saba, nikiwa na diploma ya kompyuta kutoka Nairobi na shati moja jeupe la kuonekana nalo, nilifungua studio ya kurekodi Majengo, Thika. Nasema studio kwa sababu ndivyo nilivyoandika mlangoni kwa rangi nyekundu: SELE DIGITAL STUDIO. Ndani kilikuwa chumba kimoja cha ploti, blanketi zimepigiliwa ukutani ili sauti isirudi, meza moja, na kompyuta niliyoiunganisha mwenyewe kwa vipande vya kuokotaokota. Haikuwa na kifuniko. Kifuniko nilichopata kilikuwa cha kompyuta nyingine na kiligoma kuingia, lakini wageni nilikuwa nawaambia nimeiacha wazi makusudi ipate hewa.

Watu wa Majengo walikuwa wamezoea kurekodi kwa redio kaseti. Unaiweka katikati ya chumba, unabonyeza vitufe viwili pamoja, watu wanaimba, mtoto analia, kuku anapita, vyote vinaingia. Mimi nilikuja na habari nyingine. Nikawaambia sauti itaingia kwanza kwenye kompyuta, itasafishwa, halafu ndiyo iende kwenye kaseti. Hilo neno "itasafishwa" ndilo lililoniponza.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa Shangazi Tausi, dada ya baba, aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha kasida cha akina mama, na kwa sauti yake hakuhitaji kipaza sauti. Akianza kuimba upande huu wa mtaa, upande ule wanajua shughuli imeanza. Maulidi ilikuwa inakaribia na walitaka kaseti yao isikike siku hiyo.

"Sele, hii mashine yako italeta sauti safi kweli?" akaniuliza.

"Safi kama maji, shangazi."

"Maji ya wapi? Maana ya mto Chania mvua ikinyesha ni chai."

Walikuja asubuhi moja ya baridi ya Julai, wamejifunika mitandio mizito, na dufu zao mikononi. Nilivaa lile shati jeupe. Nilikuwa nimeazima miksa ndogo, kile chombo cha kuchanganyia sauti, kutoka kanisa la rafiki yangu Mwau, nikachomeka maiki kwenye miksa, miksa kwenye kompyuta, nikainua mkono kama mtu anayeongoza ndege itue. Wakaimba. Waliimba vizuri hata nikasahau kuangalia skrini.

Tulipomaliza, nikawachezea.

Nyuma ya wimbo kulikuwa na mlio. Haukuwa mlio mdogo wa kusingizia sikio. Ulikuwa "nziiii" mwembamba, uliosimama pale tangu mwanzo hadi mwisho kama mwimbaji wa ziada ambaye hakuna aliyemwalika. Na kila nilipogusa mausi, ukaongeza "krrr, krrr", kana kwamba kuna mtu anakwaruza sufuria ndani ya mashine.

Aliyesema wa kwanza alikuwa Muna. Huyu alikuwa binti aliyefundisha watoto madrasani, sauti yake nyororo, na masikio yake hayakuwa na huruma. Ukweli ni kwamba lile shati jeupe nililivaa kwa ajili yake.

"Sele," akasema, "umefuga nyuki humo?"

Ningeweza kujibu kwamba sijui. Badala yake nikakohoa kidogo.

"Hiyo ni stima ya Thika," nikasema. "Viwanda vinachafua laini. Ni mambo ya frequency."

Shangazi Tausi akawageukia wenzake kwa fahari. "Mnasikia? Frequency." Akaniambia nishughulike na hivyo viwanda, wao watarudi wiki ijayo.

Viwanda vya Thika ni vingi na vina walinzi, kwa hivyo nikaanza na jirani. Karibu na mlango wangu alikuwa Absalom, fundi wa kuchomelea, mtu wa mageti na madirisha. Mashine yake ilikuwa ikitoa cheche mchana kutwa, na mimi nikaamua kesi imekwisha.

"Niaje Sele," akasema.

"Absalom, unaniharibia kazi. Moto wako unaingia kwa sauti yangu."

Absalom hakubisha. Alizima mashine, akaketi na mteja wake kando ya geti lililokuwa limechomelewa nusu, wakaagiza chai. Nikaingia ndani, nikavaa hedfoni. Nziiii. Nikatoka.

"Umezima kabisa?"

"Nimetoa hadi plagi."

Nikaingia tena. Nziiii. Nikatoka tena, nikasimama kama mtu anayefikiria.

"Sele," Absalom akasema, "nitoe nini tena? Nitoe shati?"

Mteja wake akacheka hadi chai ikamwagika. Nikawaambia uchunguzi bado unaendelea, nikafunga mlango.

Siku iliyofuata nikaenda Ruiru kwa Mwau. Mwau alikuwa na kibanda Gatongora, kati ya kinyozi na duka la mbolea, akiuza vyombo vya kompyuta vilivyotoka kwenye maofisi ya Nairobi. Kwao ni upande wa mashariki ya Thika na kanisa lao liko huko, ndiyo maana hata ile miksa ya kanisa niliipata kwa jina lake. Nilimwelezea mlio. Nikamwimbia. Akasikiliza amefumba macho.

"Hiyo ni power supply," akasema. "Pawa yako ni mbovu. Inaleta stima chafu kwa motherboard."

Alisema kwa uhakika wa mtu ambaye ana pawa za kuuza rafu nzima. Mimi nikamwamini, maana pawa ndilo lile kopo la chuma linaloingiza umeme ndani ya kompyuta, na umeme mchafu ukianzia pale utafika kila mahali. Nikabeba moja nyumbani. Nikaifunga kwa uangalifu mkubwa, waya nyeusi zikiwa katikati zikiangaliana, kwa sababu zile plagi mbili ukizibadilisha unachoma bodi, na mimi sikuwa mjinga wa kuchoma bodi.

Nikawasha. Feni ya hiyo pawa mpya ilinguruma kama posho mill ya kusaga mahindi. Na chini ya ngurumo, nikiweka sikio vizuri, nziiii.

Hapo nikaamua tatizo ni ardhi. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba mashine inahitaji waya wa kuingia ardhini, na nikajiambia kama waya wa soketi umeshindwa, nitaipa kompyuta ardhi yake yenyewe. Nikapata bomba la chuma, nikaazima nyundo kubwa ya Absalom, ambaye alinipa bila kuuliza kitu, akasogea tu mahali atakapoona vizuri. Nikaenda nyuma ya chumba karibu na mfereji, pale udongo ulikuwa laini. Sikujiuliza kwa nini ulikuwa laini.

Pigo la nne au la tano, maji yakaruka hadi kifuani.

Mwenye ploti, Mzee Gachanja, alitoka na kofia yake ya sufu. Akanitazama nimesimama katikati ya chemchemi, shati jeupe limenigandia.

"Wewe Sere! Unachimba mafuta?"

"Hapana mzee. Ni ya kompyuta."

"Ngai! Kompyuta inakunywa maji?"

Nilifunga bomba la maji nililolitoboa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, wapangaji wote wakiwa wamesimama na ndoo zao wakinipa ushauri. Halafu, kwa sababu nilikuwa mtu wa kutokata tamaa, nikahamia upande wa pili na kulipigilia bomba langu huko. Nikamwagia maji ya chumvi kama nilivyofundishwa. Nikavuta waya kupitia dirishani hadi kwenye mwili wa chuma wa kompyuta, nikaufunga kwa skrubu, nikawasha kila kitu.

Mlio ulikuwa palepale. Isipokuwa sasa ulikuwa umepata mwenzake, mvumo mzito, "mmmmm", kama ng'ombe aliye mbali. Nilikaa kwenye kiti nikausikiliza, na nisiwafiche, nilifurahi. Nilijiambia: kelele imebadilika, maana yake nimeigusa. Nimekaribia.

Nilichofanya baada ya hapo nilikifanya kwa akili zangu timamu. Mtu fulani aliwahi kuniambia kwamba ukifunika kifaa kwa karatasi ya fedha, ile foili ya alumini, kelele za umeme haziingii. Nikanunua karatasi ya kuokea kuku. Nikachomoa kadi ya sauti, kile kibao kidogo kinachopitisha sauti ndani ya kompyuta, nikaifunga kwayo vizuri kama mtu anayefunga sambusa za safari, nikairudisha mahali pake, katikati ya vyuma vyote vya motherboard. Shangazi Tausi na wenzake walikuwa wanatarajiwa muda wowote, nami nilitaka wakute kazi imekwisha.

Walifungua mlango wakati uleule nilipobonyeza kitufe.

"Tap!" Halafu moshi. Haukuwa moshi mwingi, lakini kwa chumba kile ulitosha. Ulipanda taratibu kutoka kwenye bodi, wa buluu, wenye harufu ya plastiki na ya karo iliyopotea bure. Feni ikazunguka kidogo, ikasimama.

Shangazi Tausi alisimama mlangoni, dufu mkononi, macho yamejaa matumaini.

"Imeanza kusafisha?" akauliza.

"Inapumzika, shangazi," nikamjibu. "Leo imefanya kazi sana."

Hawakucheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Waliniambia pole, mmoja baada ya mwingine, kama wanaotoka matangani, na Shangazi akanipigapiga begani akasema mitambo ni mitambo. Muna alikuwa wa mwisho kutoka. Alichungulia ile sambusa ya karatasi ya fedha, kisha akanitazama mimi.

"Sele, si useme tu hujui?" akasema kwa sauti ya chini, wenzake wasisikie. "Hatutakula mtu."

Nilikaa peke yangu pale na ile harufu. Nilikuwa nimemlaumu Absalom, nikalaumu viwanda, nikalaumu pawa, nikalaumu ardhi yenyewe. Nilikuwa nimebaki bila wa kulaumu. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba Shangazi aliwaambia watu wote wa Majengo kwamba kijana wake ni injinia, na bado alikuwa anaamini.

Jumamosi Mwau akaja mwenyewe na bodi nyingine ndani ya mfuko wa unga. Nadhani alijisikia vibaya kwa ile pawa. Tukafunga bodi mpya, tukaweka kadi nyingine ya sauti ya aina ileile, tukawasha. Nziiii. Mmmmm. Tulitazamana.

"Labda ni mausi," Mwau akasema.

"Mausi gani, Mwau?"

"Si ukiigusa inakwaruza? Nunua mausi nyingine."

Tukabishana kuhusu mausi hadi chai ikapoa. Mwishowe nikasema, kwa uchovu tu na si kwa hekima, kwamba sinunui kitu tena. Tutoe kila kitu halafu turudishe kimoja kimoja, tuone nani anaimba. Ni jambo ambalo chuoni walikuwa wametufundisha siku ya kwanza kabisa, na mimi niliona ni la wanaoanza.

Tukachomoa maiki. Mlio upo, mvumo upo. Tukachomoa miksa nzima. Mvumo ukakatika ghafla, lakini mlio ukabaki. Sasa hapakuwa na kitu chochote kinachoingia kwenye kompyuta, ni hedfoni pekee zilizochomekwa, na bado nyuki alikuwa anaimba. Kwa hivyo alikuwa anaishi humohumo ndani.

"Punguza basi, inaniumiza masikio," Mwau akasema, akanipokonya mausi. Akaenda kwenye kale kapicha ka spika kwenye kona ya skrini ili apunguze sauti. Akabonyeza mara mbili badala ya mara moja, na ukafunguka ubao mzima wa vitelezi, vimejipanga kama vijiti vya kuhesabia: cha maiki, cha CD, cha laini, na vingine ambavyo sikuwahi kujua kazi yake.

Vyote vilikuwa juu kabisa. Nilivipandisha mimi, siku niliyofungua studio. Nilifikiri kilicho juu zaidi ndicho bora zaidi, kama mtu anayeweka pilipili yote kwenye mchuzi ili asije akaambiwa haikutosha.

"Hii ya CD inafanya nini juu?" Mwau akauliza. "Wewe una CD?"

Sikuwa na CD. Ule mlango wa CD ulikuwa pale kwenye kadi, hauna waya, hauna chochote, umeachwa wazi kwa nguvu zote, na kila kelele ya bodi, ya diski ikizunguka, ya mausi ikisogea, ilikuwa inapitia hapo kuingia kwenye kasida. Nikashika kitelezi nikakishusha. Mlio ukapungua nusu. Nikashusha cha maiki, maana sisi maiki tulipitishia kwenye miksa na kuingilia kwenye lile tundu la laini. Ukapungua tena. Nikashusha kile kingine nisichokijua jina.

Kimya.

Sijawahi kusikia kimya kizuri kama kile. Nilivua hedfoni nikahakikisha kompyuta haijazimika.

Tukarudisha miksa. Mmmmm, ng'ombe akarudi. Mwau akauliza huyo naye alianza lini, nikaangalia pembeni, kwa sababu nilijua vizuri alianza lini. Nilienda nyuma ya kompyuta nikafungua ile skrubu, nikautoa waya wa bomba langu la chumvi kwenye kompyuta. Ng'ombe akanyamaza papo hapo. Soketi ilikuwa na waya wake mzuri wa ardhi muda wote huo. Mimi nikaongeza ardhi ya pili, na hizo mbili zikawa zinavutana kupitia waya wa sauti. Nyuki nilimfungulia mlango. Ng'ombe nilimzaa mwenyewe.

Mwau alikuwa amejiegemeza kwenye blanketi za ukutani, mbavu zinamuuma kwa kicheko.

"Kwa hivyo," akasema akipata pumzi, "umesimamisha kazi ya Absalom, umefurisha ploti ya wenyewe, umechoma bodi, kwa sababu ya kitu ya kushusha na kidole?"

"Na wewe ukaniuzia pawa."

"Lakini ni pawa nzuri."

Akina mama walirudi Jumatatu. Safari hii sikuvaa shati jeupe, lilikuwa na kutu ya bomba. Nilishusha vitelezi vyote nikaacha kimoja, nikawaambia waimbe. Walipomaliza nikawachezea kwenye spika, na kwa mara ya kwanza chumba kile kilisikia kasida peke yake. Tulisikia pumzi kabla ya kila ubeti. Tulisikia ngozi ya dufu ikitetemeka. Mbali kabisa tulisikia nyundo ya Absalom, na hata hiyo ilipendeza.

Lakini nikaona nyuso zinabadilika. Sumeya, mmoja wa waimbaji aliyekuwa karibu na mlango, akainamisha kichwa. Mwingine akaanza kutafuta kitu kwenye kikoba chake. Katikati ya zile sauti zote, kubwa kuliko zote, kulikuwa na moja iliyokuwa inashuka chini ya wimbo. Haikushuka sana. Ilishuka kidogo tu, na ikatembea huko chini kwa uhakika kamili, kama mtu anayepita barabara yake.

"Huyo ni nani?" Shangazi Tausi akauliza.

Sumeya akazidi kuinama.

"Huyo anayetoka nje ya wimbo. Ni nani?"

"Ni maiki, shangazi," nikasema haraka. "Nitaibadilisha."

Muna akanitazama, sikuweza kumtazama.

"Rudia," Shangazi akasema. Nikarudia. Akasikiliza akiwa ameshika ncha ya mtandio wake. Nikaona pale alipotambua ni sauti yake. Wimbo ulipokwisha, akavuta pumzi.

"Sele."

"Naam, shangazi."

"Rudisha ule mlio."

Hatukujua kama ni mzaha. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka, na tulipoona anacheka tukaangua wote, hadi Absalom akaja kuchungulia kama kuna kitu kimelipuka tena. Alijifuta macho kwa mtandio. Alijifuta kwa muda mrefu kuliko kicheko kilivyodai.

"Nimewaongoza miaka yote hii," akasema. "Hamkuniambia?"

Ni Muna aliyejibu. "Tulikuwa tunakufuata. Ukishuka, tunashuka na wewe. Ila leo wengine tumesahau."

Shangazi alisimama. Halafu akachukua dufu kubwa kutoka kwa Sumeya, akasogea nyuma ya wenzake.

"Basi leo mimi ndiye nitafuata," akasema. "Muna, anza."

Tukarekodi upya. Muna aliongoza, na Shangazi Tausi alipiga dufu kwa nguvu hata ikabidi niisogeze maiki. Mwanzoni mwa kaseti nikamwomba aseme maneno ya ufunguzi, jina la kikundi na salamu, kwa sauti yake ileile ya mtaa mzima. Siku ya Maulidi kaseti ilichezwa kwenye spika za msikitini na watu wakasimama. Wengi waliniuliza nilitumia mashine gani. Niliwajibu kwa unyenyekevu mwingi, ambao haukudumu wiki.

Shamrashamra za Maulidi zilipopoa, alasiri moja Shangazi alikuja peke yake. Alifunga mlango nyuma yake, akaketi kwenye kiti changu.

"Niwekee sauti ya Muna kwa hizo za masikio," akasema. "Mimi niimbe juu yake. Halafu unichezee."

Alikuja hivyo mara nyingi, kila mara na chupa ya chai na mandazi, kana kwamba ameniletea chakula tu. Siku za mwanzo nilimwambia ni nzuri, shangazi, nzuri sana, na yeye akafunga chupa yake ya chai akaenda zake. Kisha siku moja akavua hedfoni akanigeukia, macho ni yale ya kunilea.

"Sele. Niambie vile ilivyo."

Safari hii sikukohoa.

"Hapo mwisho wa ubeti," nikasema. "Umeshuka."

"Nimeshuka sana?"

"Kidogo. Unaanza vizuri, ukifika pale pa kuvuta pumzi ndiyo unashuka."

Hakukasirika. Alimimina chai, akanywa funda moja, akaweka kikombe mbali na kibodi.

"Pale pa pumzi," akasema, akijisemea. "Haya. Weka tena."